Pelele na Ngazi ya Angani

Hapo zamani za kale, wanangu, nyota zilipokuwa bado karibu na paa, nchi ilikauka hata mawe yakapasuka. Kifaru na Tembo wakataka nyumba angani.

Wao walikuwa wazito mno kwa kazi ya kuning'inia. Wakamtafuta Pelele, yule mnyama mdogo wa majabalini, maana ndiye aliyejua kuwaongoza roboti wadogo wa chuma. Roboti hao walitembea kama viwavi: mguu mmoja umeshika nguzo, mwingine unatafuta ya mbele. Walijenga ngazi huku wakiipanda, kwata, kwata, mpaka wakayapita mawingu, na huko juu wakaijenga nyumba. Pelele akipiga mluzi tu, wanatii.

Ujira wake ulikuwa chumba kimoja, awapandishe wanawe wawili waliobaki chini wakilamba umande.

Nyumba ilipokwisha, mabwana wakahamia. Pelele akaja kukumbusha ahadi.

"Vyumba vimejaa, bibie," Kifaru akasema. "Hicho kimoja kilichobaki ni cha pembe yangu."

Tembo akacheka mpaka nyumba ikatikisika. Pelele moyo ulimwuma, lakini hakulia. Akasema kwa adabu kwamba ni aibu, wakubwa kama wao kukosa kibaraza cha kupunga upepo. Angani upepo hakuna, wanangu. Lakini anayesifiwa hana nafasi ya kufikiri. Wakaamuru kijengwe.

"Chukueni nguzo popote, upesi!" Pelele akawaambia roboti, hasira zimempanda.

Kibaraza kikakamilika. Mabwana wakaketi, wakatanua matumbo. Fiii! Roboti wakaachia vifungo, kibaraza kikaelea na kelele za mabwana, kikaelea, mpaka kikawa nukta.

Pelele akakimbilia ngazi awaite wanawe. Ngazi haikuwepo. Roboti walitii walivyoambiwa: nguzo za kibaraza walizitoa kwenye ngazi.

Akaita. Kutoka chini vikajibu vilio viwili vyembamba. Akaketi, akalia sana.

Kisha akapiga mluzi, roboti wakaanza kuibomoa nyumba, chumba baada ya chumba, waijenge ngazi upya. Cha mwisho kubomolewa kilikuwa kile cha pembe. Ngazi ilipogusa mwamba, juu hapakubaki kitu.

"Mama, umekuja kutuchukua?" mkubwa akauliza.

Pelele akawakumbatia. Nchi ilikuwa kavu vilevile, na ngazi ile haikuwa na pa kwenda.

Nami sina la kuipambia hadithi hii, wanangu: hasira ni hasara, hata ikishinda.