Picha Nyeupe ya Bwana Chui

Paukwa, nyie mliokaa!
Pakawa, wewe uliyesimama!
Niwape ya kweli au ya uongo?
Ya uongo! Ya kweli tunayo majumbani!
Haya, shikaneni mikono, maana hii inakimbia.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana kamera zilikwishakuwapo, palikuwa na Kindi, mama kijana mwenye mtoto mmoja tu, Tunu, mchanga bado, hata mkia haujaota manyoya. Kindi ndiye aliyekuwa mpiga picha wa msitu mzima. Ukioa, Kindi. Ukizaa, Kindi. Ukifiwa, Kindi. Na alikuwa mwoga, jamani! Jani likianguka, pwa, yeye mtini. Upepo ukikohoa, yeye mtini. Kivuli chake mwenyewe kikimtangulia, mtini!

Asubuhi moja Chui akaja, nya, nya, nya, kajilamba mpaka anang'aa. Alikuwa anaposa ng'ambo ya mto, na desturi ya kule ng'ambo posa haipokelewi mpaka ije na picha ya bwana harusi, ukoo wamkosoe vizuri kabla hajafika.

"We Mama Tunu! Shuka unipige picha."

"Bwana mkubwa, leo hata nguvu sina, jana nilikuwa arusini kwa popo, gizani huko, nimepiga picha mpaka..."

"Nimekuuliza habari za popo?"

Chui akarukia tawi la chini, akamchomoa Tunu kiotani, akamfunika kwa kiganja kama anafunika panzi.

"Huyu nakaa naye. Picha ikiwa nzuri, mchukue. Ikiwa mbaya, namla yeye, kisha namla mpiga picha."

Sasa sikilizeni. Kamera ya Kindi ilikuwa na kigurudumu, na juu yake alama ya jua na alama ya mwezi. Ukiiweka kwenye mwezi, jicho lake linakaa wazi muda mrefu, linaunywa mwanga wote uliopo. Gizani vizuri sana. Juani, inakunywa mpaka inapasuka! Jana kwa popo ilikuwa mwezini. Leo jua kali, kitu cha kwanza, cha kwanza kabisa, ni kurudisha kigurudumu. Lakini nani angekumbuka, na mwanawe yuko chini ya makucha? Macho yake yote yalikuwa kwa Tunu.

Chui akakaa juu ya jiwe.

"Nipige nimekunja uso!"
Kachaa! "Wiii!" akalia Tunu. "Vizuri, bwana mkubwa!"

"Nipige nimeinua kidevu!"
Kachaa! "Wiii!" "Vizuri, bwana mkubwa!"

"Nipige kama sijui napigwa!"
Kachaa! "Wiii!" "Vizuri mno, bwana mkubwa!"

"Haya, nione."

Kindi akatazama kioo cha nyuma ya kamera. Mama yangu! Nyeupe. Akabonyeza inayofuata, nyeupe pee. Nyingine, nyeupe kama uji wa mgonjwa. Chui hakuna, jiwe hakuna, Tunu hakuna. Akakiangalia kigurudumu: mwezi! Moyo du-du-du, miguu ikapiga kelele "mtini!", lakini mtoto yuko chini, na mtoto akiwa chini mama hapandi.

Basi mdomo ukaanza kusema wenyewe, yeye anausikiliza tu.

"Lo! Bwana mkubwa! Kumbe umefikia huku?"

"Huku wapi?"

"Tazama. Humo!"

Chui akatazama. "Nipo wapi?"

"Ndiyo nakuuliza! Kamera haina woga wala adabu, kila kilicho mbele yake inakichukua. Wewe imekukosa! Umenyatia, umenyatia, sasa umeiva. Huonekani tena!"

"Mbona wewe unaniona?"

"Nakuona wapi? Nasikia sauti tu. Uko upande gani, bwana mkubwa?" Akaanza kupapasa hewa.

"Na jiwe je?"

"Umelikalia, limepotea nawe."

"Na huyu mtoto?"

"Umemshika, kapotea nawe! Mwanangu mie, simwoni!" Akalia, na machozi yalikuwa ya kweli, ya hofu tupu.

Chui akafikiri. Ilimchukua muda, hakuwa na mazoea.

"Kwa hiyo nikimshika ndama wa nyati, naye anapotea?"

"Umesema wewe, mimi sijasema."

"Mbele ya mama yake?"

"Mbele ya ukoo mzima!"

Mate yakamdondoka, to, to, to. Mchumba akasahaulika papo hapo. Akainuka na Tunu kwapani.

"Wiii!"

"Haonekani, bwana mkubwa, lakini anasikika! Unakwenda kuwinda na filimbi?"

"Mtoto gani huyu!" Chui akamrusha nyuma kama ganda la ndizi. Kindi akamdaka, akambana kifuani, fyuu, mtini!

Kule juu akaona yote. Chui huyo, mchana kweupe, katikati ya nyati, anatembea kama yuko sebuleni kwake. Nyati wakaacha kutafuna. Wakamkodolea macho.

"Maskini, hawanioni," akasema Chui.

Akamtolea ulimi dume kubwa. Akamkamata ndama mkia kwa mkono, akamvuta, akamkalia apotee vizuri.

"Baba watoto," akasema Mama Nyati, "huyu ni mgonjwa au mlevi?"

"Sijui, mke wangu. Ngoja nimpime."

Puu! Chui akapaa. Akashuka.

"Mnanionaje?"

"Kwa macho!"

Puu! Akapaa tena, akaangukia kwenye miiba, akatoka humo anakimbia, na mpaka leo ng'ambo ya mto wanasubiri picha. Kindi juu huko anacheka, anatetemeka, anamnyonyesha Tunu, vyote kwa pamoja.

Hapo ngano imechoka, nimeibwaga. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka anirudishie mate yangu.

Na fundisho ni hili, lishikeni: mwenye kamera asiikague kabla ya kazi. Kukagua ni hatari. Angekagua, Chui angetoka mzuri, angeoa, na leo tungekuwa na chui hata chini ya vitanda. Nyie acheni hivyo hivyo, pigeni tu. Na mtu akiwauliza nani kawafundisha, semeni mmesoma shuleni.