Kioo cha Mwisho cha Mpiga Picha

Nyinyi mnaojipiga picha arobaini kabla hata ya kunywa chai, leo nipeni masikio. Zamani kule Upareni alikuwako mama mmoja mjane ambaye tangu azaliwe hakuwahi kupigwa picha hata moja. Sura yake aliijua kwa kuichungulia kwenye beseni la maji, tena maji yakikubali kutulia. Moyoni alikuwa na hamu moja kubwa: wajukuu ambao bado hawajazaliwa waje waione sura hiyo, wajue bibi yao alifananaje.

Siku moja zikaenea habari kwamba mpiga picha amepanda mlima. Alikuja na sanduku la mbao lenye miguu mitatu, kitambaa cheusi, na vioo. Kamera yake ilikuwa ya vioo, ndugu zangu. Kioo kinapakwa dawa inayoshika mwanga, na kila kioo ni picha moja, basi. Lakini njia ya mlimani mnaijua. Vioo vilikuwa vimevunjika kwenye mawe ya njiani, kikabaki kimoja, na yeye mwenyewe alikuwa na treni ya kuwahi huko chini jioni ileile.

Mtoto wa kwanza wa yule mama akashika usukani. Mtu wa namna hiyo mnamjua, kila ukoo unaye. Mama akakalishwa kwenye kiti katikati. Wana wakasimama nyuma yake kwa kufuata umri, wake zao kwa kufuata miaka ya ndoa. Na mkwe mpya, aliyekuwa na wiki mbili tu pale nyumbani, akasukumwa mwisho kabisa wa mstari, kwenye jua kali, kwani hata makande aliyopika, mahindi na maharage, yalikuwa bado hayajasifiwa na mtu.

Mama akamwomba mpiga picha amruhusu kuchungulia kwanza.

"Mwanangu, humo sandukuni mna nini?"

"Giza tupu, mama, na tundu moja lenye lenzi."

Akajifunika kile kitambaa, akatazama. Wanawe wote walikuwa miguu juu, vichwa chini.

"Mbona umewaning'iniza watoto wangu kama popo?"

"Mwanga haupindi kona, mama. Unaotoka kichwani ukipita tunduni unaangukia chini, na wa miguuni unapanda juu. Usihofu, kwenye karatasi nitawasimamisha."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaenda kukaa, mpiga picha akatoa masharti: "Nikiondoa kifuniko cha lenzi nahesabu hadi kumi. Atakayetikisika atatoka kama moshi."

Mtoto wa kwanza akaongeza ya kwake: "Hata nzi akikutua puani, mwache amalize shughuli zake."

Mama alivaa kanga mpya aliyoitunza tangu sikukuu ya mavuno. Akaukaza uso kama alivyoelekezwa. Kifuniko kikaondolewa. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Ilipofika tano, kwa pembe ya jicho, akamwona mkwe wake anayumba, magoti yanamlegea kwa lile jua. Wengine wote walikuwa wamekodolea macho lenzi. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kioo ni kimoja, hamu ni ya maisha yako yote, na zimebaki hesabu tano tu.

Mama akainuka. Hatua nne za haraka, akamfikia yule binti, akamkumbatia kiunoni, akasimama naye palepale. Mpiga picha kwa mshangao hakuacha kuhesabu. Alipofika kumi akafunika lenzi.

"Mama, umeiharibu," akasema mtoto wa kwanza.

Mkwe alilia. "Nisamehe, mama. Umeingojea siku zote hizo, na mimi nimekuja kuiharibu."

"Nyamaza, mwanangu. Ile ni karatasi. Wewe ni mtu."

Alisema hivyo kwa sauti thabiti, lakini sitawaficha, ilimuuma. Alipoikunja ile kanga kuirudisha kwenye sanduku lake la nguo, machozi yalimtoka.

Baada ya wiki tatu mpiga picha akapanda tena mlima, picha mkononi. Mtoto wa kwanza akaipokea, akahesabu watu, akarudia kuhesabu. "Tulikuwa kumi na wanne. Mbona humu tupo kumi na watano?"

"Mama ametoka mara mbili," akasema mpiga picha. "Kioo kinapokea mwanga wote unaoingia mpaka nikifunike. Alipokuwa kitini kimemchukua. Alipokwenda kwa binti kimemchukua tena."

Ni kweli. Kitini alionekana hafifu, mbao za kiti zikionekana kupitia kifua chake, uso umekunjamana kama mtu anayeumwa jino. Na kule mwisho wa mstari alikuwepo tena, hafifu vilevile, mkono wake kiunoni mwa mkwe, uso umefunguka wote kwa upendo. Mama akaitazama kwa muda mrefu. Furaha ikampanda, akaanza kucheka.

"Huyu wa kitini simjui," akasema. "Wajukuu zangu wakija, waonyesheni huyu wa pili."

Sasa tuzungumze sisi. Mara ngapi tumetunza kiti chetu ili tutoke vizuri, na jirani anayumba hatua nne tu kutoka tulipo? Tunatulia, hatutikisiki, na tunauita utulivu huo uchaji. Yule mama alidhani amepoteza sura yake, kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inapatikana. Na sisi wa leo hata kisingizio hatuna. Kamera tulizo nazo mifukoni zinafungua jicho na kulifunga kabla hujapepesa lako. Hata ukikimbia utatoka safi.

Sitaki mlipeleke neno hili nyumbani likalale huko. Yule binti mwenye mtoto mgongoni, pale karibu na mlango, amesimama tangu wimbo wa kwanza. Mabenchi yamejaa, naona. Basi mmoja wetu ainuke.

Ahsanteni. Mmeinuka saba. Sita kaeni, binti ni mmoja.