Namba za Kutuliza Abiria

Wapendwa, kaeni tu. Nawaona mlivyochoka, na mimi pia nimechoka. Wiki hii tumezika, tumeuguza, tumepatanisha watu wasiotaka kupatana. Sitapaza sauti leo. Nitawapa kisa cha fundi mmoja wa mitambo ya boti, halafu tuone kama kinatuhusu.

Fundi huyo aliitwa asubuhi gatini, kwenye boti ya zahanati, ile inayochukua wagonjwa visiwani na kuwaleta mjini. Safari iliyopita, ukungu ulipotanda ziwani, boti ilipotea njia ikaparuza mwamba, ikaponea chupuchupu. Siku hiyo ukungu ulikuwa umerudi, mzito, huoni hata mwisho wa gati. Na kisiwani kulikuwa na mama yuko kwenye uchungu tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya, nesi anapiga simu mpaka sauti imemkauka.

"Fundi, kazi ni ndogo," nahodha akamwambia. "Linaloumwa ni lile lidude la juu ya paa. Kioo changu kizima, tazama mwenyewe."

Sasa, kwa wasiojua mambo ya boti: juu ya paa kuna kisanduku cha GPS. Hicho ndicho kinachojua boti iko wapi. Kioo kilicho mbele ya usukani hakijui chochote. Kinaambiwa tu, kwa waya. Fundi akakitazama. Namba zimejaa, mwendo, kina cha maji, na kiboti kidogo kinateleza juu ya ramani. Na boti yenyewe imefungwa kamba gatini, haijasogea hata shubiri!

"Kweli, huko juu kumerukwa na akili," fundi akasema. "Kinakiambia kioo kwamba tunatembea."

Akapanda paani. Ni mtu wa makamo, mgongo unamuuma, kazi ya jana na ya juzi bado iko mwilini. Akakifungua kisanduku, akakisafisha, akakifunga. Namba ni zilezile. Akabadilisha fyuzi. Akabadilisha antena. Anashuka, anapanda. Simu ya nesi inaita, nahodha anajibu, "Tunakuja, dada, tunakuja." Mchana ukaingia, maskini fundi hajatia kitu tumboni, na lawama zote ni za huko juu. Hamjawahi kuwaona watu wa namna hiyo, ndugu zangu? Kutwa nzima wanailaumu mbingu?

Mwisho akakata tamaa. Akaking'oa kisanduku chote, akashuka nacho, akajitupa kwenye kiti cha nahodha apumue kidogo. Akainua macho. Kiboti kwenye kioo bado kinateleza.

Jamani! Kisanduku kiko mapajani mwake, hakuna wa kukiambia kioo neno, na kioo kinaendelea kutoa namba kana kwamba hakuna lililotokea.

Hapo fundi akaelewa. Vioo hivi vina mchezo wa maonyesho ya dukani. Ukiuwasha, kioo kinatunga namba zake chenyewe, ili wateja wanaopita wavutiwe wanunue.

"Nahodha, nani aliwasha hii?"

Nahodha akatazama viatu vyake. "Wewe hujui abiria, fundi. Kioo kilianza kutoa vistari vitupu badala ya namba. Watu wakanong'ona, wengine wakashuka. Nikabonyezabonyeza, namba zikarudi, watu wakatulia. Siku za jua si naendesha kwa macho yangu? Basi nikatulia na mimi."

"Lakini ulijua si za kweli."

"Siku ya kwanza nilijua," nahodha akasema.

Fundi akauzima ule mchezo. Vistari vikajaa kioo kizima.

"Umekiua!" nahodha akapiga kelele.

"Sijakiua. Ndiyo kwanza kinasema kweli. Hakijui tulipo."

Sasa kosa likawa wazi. Fundi akaufuata waya, ambao kutwa nzima hakuugusa kwa sababu namba zilimwambia ni mzima, akakuta plagi nyuma ya kioo imeliwa na kutu. Kusugua, kuunga, basi. Ni kazi ambayo ingekwisha kabla chai haijapoa. Kisanduku kikarudi paani, na kioo kikaandika mwendo wa kweli: sifuri.

Wakafungua kamba, wakapita katikati ya ukungu bila kugusa mwamba. Mama walimkuta yuko hai. Mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, na hakulia. Nesi hakuwagombeza. Aliwauliza tu, "Mlikuwa wapi?"

Wazee wetu walisema, mficha uchi hazai. Lakini tazameni hapa, wapendwa. Aliyeficha ni mmoja, na aliyekosa mtoto ni mwingine.

Na sisi je? Mtu akituuliza hali, tunajibu haraka, "Bwana asifiwe, tunasonga mbele," nayo kamba bado imefungwa gatini. Zimo nyumba humu ambamo baba na mama hawajasemezana tangu sijui lini, ila Jumapili wanaingia pamoja, wanatabasamu, watoto wamepakwa mafuta. Yumo mtu humu ambaye maombi yake yalikatika zamani, na siku hizi anaomba vizuri kuliko wakati ule. Tulibonyeza kitu ili watu wasinong'one. Siku ya kwanza tulijua. Leo tunazisoma namba zetu wenyewe na tunaziamini, na mambo yakiharibika tunapanda paani kutafuta kosa la Mungu! Na wanaoumia ni akina nani? Ni wale wanaotusubiri ng'ambo, wanaotupigia simu, nasi tunawaambia tunakuja.

Sitawaomba mnyooshe mikono leo. Mikono nayo huwa tunainyoosha ili tuonekane. Nawaomba kitu kigumu zaidi. Ukifika nyumbani, kaa na yule unayemwogopa kumwambia ukweli, umwambie, "Mimi sijui nilipo." Aibu itakuwepo, sikufichi. Lakini fundi hawezi kuunga waya ambao sisi tunaapa kuwa ni mzima.

Mpiga kinanda, tafadhali usipige kwanza. Tukae kimya kidogo.