Blenda Iliyonunuliwa kwa Ng'ombe

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya juzijuzi tu, nguzo za umeme zilipokuwa zimeshafika kwenye vijiji vya tumbaku upande wa Tabora, paliishi mama mmoja jina lake Bi. Milembe.

Bi. Milembe alizaa watoto watatu. Wa kwanza, Masele, alikwenda porini kurina asali, akaanguka kutoka mtini, akafa. Wa pili, Mihayo, alikuwa mkulima wa tumbaku na mtu wa maneno machache. Wa mwisho, Tungu, alikuwa ameolewa hapo hapo jirani na alikuwa na mtoto wa kunyonya. Na humo nyumbani alikuwemo Kalunde, mjane wa Masele. Matanga yalipokwisha, kaka zake Kalunde walikuja kumchukua. Akawaambia hawezi kumwacha mama mkwe peke yake. Wakarudi bila yeye.

Basi kiharusi kikampiga Bi. Milembe. Mkono ukalala, taya likalegea, ulimi ukawa mzito mdomoni. Kutafuna akawa hawezi. Muuguzi wa zahanati akawaambia kwamba kila anachokula kisagwe mpaka kiwe laini kabisa, kwa sababu chembe moja ikikosea njia ikaingia kifuani, ndiyo basi tena.

Kalunde akatwanga. Akatwanga kisamvu, akatwanga karanga, akaloweka viazi vikavu akaviponda, akachuja vyote kwa kitambaa. Alitwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge, na malengelenge yakapasuka, akafunga vitambaa akaendelea kutwanga. Na bado chembe zilibaki. Siku moja mama akapaliwa. Macho yakamtoka, midomo ikageuka rangi ya jivu. Kalunde akamwinamisha, akampiga mgongoni, akampiga tena, mpaka kikatoka kipande cha karanga kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Tangu siku hiyo Bi. Milembe akiona kijiko anakaza midomo. Akaanza kukauka kama jani.

Wakaazima blenda ya jirani. Ikazungusha maji, ikaziacha karanga zilivyo, kisha ikatoa moshi, ikafa.

Ndipo Tungu alipoleta habari kwamba mjini, dukani kwa Bwana Nasoro, kuna blenda ya namna nyingine. Nzito, jagi lake la kioo kinene. Alikuwa ameiona kwa macho yake ikisaga mahindi makavu yakawa kama poda ya mtoto. Ila bei yake ilikuwa ya kutisha. Bwana Nasoro hakutaka fedha. Alisema fedha za watu wa tumbaku huja zikichechemea, lakini ng'ombe huja kwa miguu yake mwenyewe. Alitaka ng'ombe wa maziwa.

Na ng'ombe wa maziwa nyumbani hapo alikuwa mmoja tu, yule mwekundu ambaye Masele alimwachia mkewe.

Wakakaa kikao. Mihayo alikataa. Alisema hajawahi kusikia kitu cha jikoni kikauzwa kwa ng'ombe. "Ng'ombe anazaa," alisema. "Blenda inazaa nini?" Tungu akamjibu kwamba maziwa peke yake hayajamnenepesha mama, na kwamba wao wanahesabu ndama ambao hawajazaliwa wakati mzazi wao anakufa njaa mbele ya sahani. Wakavutana mpaka jua likageuka. Mwisho wakamtazama Kalunde, ambaye ndiye mwenye mali na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kalunde akasema, "Wifi, shemeji, ng'ombe ni wa Masele, na mama ni wa Masele. Mpelekeni."

Wakampeleka. Mihayo akabaki nje ya duka kumshika ng'ombe kamba. Tungu akaingia peke yake. Na humo ndani Bwana Nasoro akamwambia neno ambalo Mihayo hakulisikia.

"Dada yangu, sitaki lawama baadaye. Hii si mara yake ya kwanza kuuzwa. Kusaga, inasaga. Lakini wakati mwingine ikisaga huita mtu kwa jina. Akiitwa mtu, asiitike."

Tungu akamuuliza, akiitika je? Bwana Nasoro akamweleza kwamba watu walioinunua mwanzo walikuwa na kijana wao, akaitwa, akaitika, sauti ikamtoka hapo hapo. Mpaka leo anaongea kwa mikono. Na tangu siku hiyo, blenda ikiita huita kwa sauti ya kijana yule.

Tungu akaiangalia ile mashine. Akaikumbuka midomo ya mama yake ilivyogeuka jivu. Akajua kwamba akitoka nje na maneno hayo, Mihayo atamgeuza ng'ombe arudi nyumbani. Akatoka nje na blenda kichwani, maneno akayaacha dukani.

Ikasaga, jamani. Kisamvu kikawa kama maziwa mgando. Karanga zikawa kama samli. Bi. Milembe akaonja, akasubiri, hakupaliwa. Akafungua mdomo tena. Mashavu yakaanza kurudi, mkono ukaanza kujikunja. Majirani waliokuja kucheka nyumba iliyouza ng'ombe ikanunua blenda, walimkuta mgonjwa ameketi, wakaondoka bila kucheka.

Siku moja mchana, jua likiwa utosini, Mihayo alipita kumjulia hali mama yake. Kalunde alikuwa amekwenda kuteka maji. Mama akaonyesha kwa mkono kwamba ana njaa. Mihayo akatia karanga kwenye jagi, akabonyeza. Ikasaga. Kisha mngurumo ukashuka, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Na ndani ya mngurumo ikatoka sauti ya kiume, ya kijana, taratibu.

"Mihayo."

Akageuka mlangoni. Hapakuwa na mtu. Uani kuku walikuwa wamesimama, hakuna hata mmoja aliyekuwa akidonoa.

"Mihayo."

Nyinyi nyote mlifundishwa kama yeye alivyofundishwa: sauti usiyomwona mwenyewe haiitikiwi. Mihayo akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Karanga zilipolainika akazima, akamlisha mama yake, akaondoka. Hakumwambia mtu. Aliona mama anakula, akaogopa kwamba maneno yake yatakiondoa kijiko mdomoni mwake. Akahamia kwenye kibanda cha shambani, akasema tumbaku inahitaji mlinzi. Blenda akawaachia wanawake.

Kisha ikamwita Kalunde. Yeye hakuficha. Alimfuata Tungu, akamwambia, "Wifi, chombo kile kinaita watu." Tungu akalia, akamsimulia yote aliyoambiwa dukani. Kalunde hakumlaumu. Alisema tu kwamba kuanzia siku hiyo atasaga yeye, na mwingine yeyote asiiguse.

Akawa akitaka kusaga, anachukua pindo la kanga yake, analiuma kwa meno. Anabonyeza. Inasaga. Inavuta pumzi. Inaita, "Kalunde. Kalunde," kama mtu aliyefungiwa nje kwenye mvua. Yeye anauma kanga. Inaita. Anauma kanga. Chakula kikilainika anazima, anaitoa kanga mdomoni ikiwa imelowa, anakwenda kumlisha mama mkwe.

Hivyo ndivyo Bi. Milembe alivyopona. Ulimi ukarudi, maneno yakarudi. Na alipopata maneno, blenda ikaanza kumwita yeye.

"Mama," ilisema.

Bi. Milembe akasema yule ni Masele.

Kalunde akampigia magoti. Akamwambia, "Mama, sauti ya mume wangu naijua. Hii siyo yake."

"Wewe ulimkuta mkubwa," Bi. Milembe akajibu. "Mimi nilimsikia tangu kilio cha kwanza."

Wakamweleza habari za yule kijana aliyenyang'anywa sauti. Akasikiliza, akaahidi kwamba hataitika. Lakini akawa anaomba chakula hata akiwa ameshiba. Akawa anaomba kiti chake kisogezwe karibu na blenda. Mashine ikinguruma, uso wake unalainika, anainamisha kichwa kama anayesikiliza mtoto akimnong'oneza siri.

Ikafika siku moja, Tungu naye akiwapo. Kalunde akauma kanga, akabonyeza. Ikasaga. Ikavuta pumzi.

"Mama."

Bi. Milembe akainua kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na alikuwa anatabasamu. Akawaambia, "Nisameheni. Mtoto akiita, mama huitika." Akafungua mdomo.

Kalunde akaitema kanga.

"Abee," akaitika yeye.

Blenda ikazima yenyewe. Ndani ya jagi karanga ziliendelea kuzunguka kidogo, kisha zikatulia. Kalunde akaweka mkono kooni. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Tungu alimshika mabega, akamtikisa, akamwomba aseme neno lolote. Kalunde akalia, na kilio chake pia hakikuwa na sauti.

Haukupita muda, Bwana Nasoro akaja mwenyewe nyumbani hapo, amevua kofia. Alikuwa na habari. Yule kijana bubu, mchana ule ule, alikuwa ameketi kwao akashtuka, akaomba maji ya kunywa kwa sauti yake mwenyewe. Wote wakaelewa. Mmoja akiingia, mmoja hutoka.

Bi. Milembe sasa alitafuna ugali wake kwa meno yake. Blenda haikuhitajika tena. Kalunde akaifunga kwa shuka, akaisukuma uvunguni, na kwa mikono akawaambia iachwe humo. Akaendelea kufagia, kuteka maji, kupika. Lakini nyumba ilikuwa imebadilika. Watu walikuwa wanasikia ufagio, wanasikia ndoo, hawasikii mtu. Na Tungu alianza kumwona Kalunde akisimama mbele ya kaburi la mumewe akifungua na kufumba mdomo.

Tungu hakuvumilia. Akamfuata Mihayo shambani, akamrudisha. Wakaitoa blenda uvunguni, wakaiweka mezani. Kalunde akasimama mbele yake, akaikinga kwa mikono. Bi. Milembe akamwambia, "Kaa chini, mwanangu." Kalunde hakuwahi kumkaidi mama mkwe. Akakaa.

Tungu akaanza kusema. "Nitaitika mimi. Mimi ndiye niliyeambiwa, nikaficha. Ningesema, tungechagua kwa macho yaliyofumbuka. Kosa lilianzia kwangu."

Mihayo akakataa. "Wewe una mtoto mchanga. Atalala kwa sauti ya nani? Atajifunza kusema kwa nani? Mimi niliisikia kabla yenu nyote, nikakimbilia shambani nikamwachia mwanamke mjane mzigo ambao ulikuwa wa mwanamume wa nyumba hii. Nitaitika mimi. Na maneno yangu tangu zamani ni machache."

"Ulificha kwa kuogopa mama asife," Tungu akamwambia. "Na mimi hivyo hivyo. Tofauti yetu ni kwamba mimi niliambiwa itakavyokuwa, wewe ulikisia."

Bi. Milembe akagonga mkongojo chini, wakanyamaza.

"Jina lililoitwa siku ile lilikuwa langu," alisema. "Nyinyi mlikosea kwa kutojua au kwa kuogopa. Mimi nilijua, niliahidi, na nikafungua mdomo kwa makusudi. Mtoto wa watu ameingia mahali pangu. Nimekula ng'ombe wake, nimekula mikono yake, na sasa nimekula sauti yake. Na mimi ni mzee. Mengi ya kusema nimeshayasema."

Mihayo akamjibu kwa upole kwamba Kalunde alitoa vyote hivyo ili mama apone na aseme. Mama akiitika, Kalunde atakuwa ametoa bure, na kila neno atakalolisema litamkumbusha hivyo. Bi. Milembe hakuondoka kwenye kiti.

Kalunde alikuwa akitikisa kichwa kwa kila mmoja. Hapana kwa wifi. Hapana kwa shemeji. Hapana kwa mama.

Mihayo akabonyeza. Blenda ikasaga jagi tupu. Mngurumo ukashuka. Ikavuta pumzi. Kisha ikaita, na sauti ilikuwa ya Kalunde, ile ile aliyokuwa akimwamsha nayo mama mkwe asubuhi, yenye adabu, isiyo na haraka.

"Mama," ikaita.

"Wifi," ikaita.

"Shemeji."

Kalunde akasikia sauti yake ikitoka mahali asipokuwepo. Akaziba masikio. Na wote watatu, mama, wifi na shemeji, wakafungua midomo.

Mimi niliyehadithiwa niliachiwa hapo, nami nawaachia hapo. Anayeweza kuitika ni mmoja tu, na akishaitika hakuna wa kumrudisha isipokuwa mwingine aingie. Mmoja alijua akaficha, mmoja alisikia akakimbia, mmoja aliahidi akavunja. Na aliyelipa ni yule asiyekuwa na deni. Haya, nyinyi mliokaa hapa mkanisikiliza, nijibuni kabla sauti haijaita tena: je, nani kati yao alistahili kuitika?