Lango la Miiba na Wimbo wa Chiriku

Paukwa!

Pakawa!

Wewe wa nyuma hukuitikia, lakini nimekusamehe. Sogea.

Hapo zamani za kale, wanyama na watu wa bonde moja waliuziana vitu kwa chumvi. Chumvi ni nzito, na ikinyeshewa huyeyuka. Basi wakaja chiriku, ndege wadogo wenye maneno mengi, wakasema, "Tupeni chumvi, nasi tutaitia mali yenu katika wimbo. Kila asubuhi tutaimba nani ana nini. Sisi ni elfu. Mmoja akikosea, wenzake watamsahihisha."

Bonde zima likakubali, na ikawekwa sheria: wanachoimba chiriku wengi, hicho ndicho cha kweli.

Nyegere, mlinzi wa lango la miiba, alitoa mifuko yake tisa, akiba yote ya uzeeni. Lango lile lilizuia mamba wasiingie kwenye bwawa walikokunywa watoto wa bonde. Usiku na mchana alikuwa macho, lakini hata yeye hakuuliza chiriku wanalala wapi, wanakula kwa nani.

Walikula kwa Mfalme Mamba, ng'ambo ya mto. Aliwamwagia mtama kimya kimya, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, mwaka wa tatu, mpaka waliolala kwake wakawazidi waliolala bondeni.

Asubuhi moja wimbo ukabadilika. "Shenyange mfinyanzi hana kitu! Tembo hana kitu! Nyegere hana kitu!" Chiriku wachache waliimba ya kweli, lakini sheria ni sheria. Kisha Mamba akaleta ujumbe: fungueni lango, wimbo utarudi ulivyokuwa.

Akaja Shenyange, mikono ina udongo. "Bi Nyegere, fungua kidogo tu."

"Sifungui."

Akaja Tembo, mkuu wa bonde. "Mlinzi, hii ni amri. Fungua kidogo tu."

"Niwie radhi, mzee. Sifungui."

Akaja mumewe, na huyo ndiye aliyemuumiza. "Mama Sikudhani, tutazeeka tukila nini? Fungua kidogo tu."

Nyegere akalia, wala hakuficha machozi. "Mume wangu, mifuko ile naililia kuliko unavyoililia wewe. Lakini tazama lango. Mamba hajavunja hata mwiba mmoja. Anatutuma sisi tukamfungulie."

Watoto walikuwa wameteremka bwawani. Mwana wa Tembo alijimwagia maji mgongoni, akacheka, hana habari na wimbo wala chumvi. Tembo alimtazama, na amri yake hakuirudia.

Ile mifuko tisa haikurudi. Nyegere alizeeka palepale langoni, akila alichojaliwa, na watoto wakaendelea kunywa maji.

Hadithi yangu imekomea hapo, na anayelala njaa kwa ajili yenu msimpite bila kumwamkia.