Bahasha Iliyofika Baada ya Mazishi

Sogeeni karibu. Atakayepata jibu kabla ya mwisho alifiche kwanza mdomoni, kwa kuwa huenda akalitaka tena likiwa tofauti.

Huko Soni, katika milima ya Usambara, walikuwapo watoto watatu wa Yeremia Shekiondo na Debora binti Singano. Wa kwanza, Luka, alijaliwa jicho: kitu kidogo hakikumpita. Wa pili, Ester, alijaliwa mkono: karatasi au kitambaa kilimtii. Wa mwisho, Zebedayo, alijaliwa pua. Akiwa bado barazani aliweza kusema kuna unga ulioanza kuvunda jikoni. Ndugu zake walimcheka kwa pua hiyo tangu utoto, naye hakujali.

Baba yao alikuwa karani wa behewa la posta katika treni ya Tanga na Moshi, akichambua barua huku treni inakwenda. Kwa miaka tisa, mara moja kila mwezi, zamu ilimfikisha Moshi. Njiani wakati wa kupanda kwenda Moshi alimwandikia mkewe barua moja, na wakati wa kushuka kurudi Tanga nyingine. Aligonga muhuri kwa uangalifu, nusu ukikalia stempu na nusu ukikalia bahasha. Anwani haikubadilika hata siku moja: Bibi Debora binti Singano, S.L.P. 19, Soni, kupitia Mombo.

Majirani walimwita Mama Luka. Wakwe walimwita mke wa Yeremia. Jina lake zima, pamoja na la baba yake, Debora aliliona juu ya bahasha tu. Alikuwa akilisoma kwanza, akatulia kidogo, ndipo akafungua.

Tarehe 13 Juni 1984 Yeremia alifika Moshi, akashuka behewani, akakaa juu ya mfuko wa barua kupumzika, na hakuinuka tena. Walimrudisha Soni, wakamzika. Debora alizitoa barua zote mia mbili na kumi na nne ndani ya bahasha zake, akaziweka chini ya kichwa cha mumewe kabla jeneza halijafungwa. Alisema maneno yale yalikuwa ya watu wawili, basi mmoja wao aende nayo. Bahasha tupu alizirudisha kwenye kasha la bati.

Siku ya nne baada ya mazishi, karani wa posta alimletea bahasha moja zaidi. Ilikuwa na muhuri wa Same, wa asubuhi ile ile ya tarehe 13. Debora alisoma jina lake, akatulia kama kawaida yake, lakini hakuifungua. Aliiweka juu ya zile nyingine, akafunika kasha.

Miezi saba ikapita. Akina mama wa usharika walikuwa wakikusanya stempu zilizotumika ili ziuzwe ng'ambo kwa ajili ya mabati ya kuezekea kanisa. Debora, ambaye hakuwa na kingine cha kutoa, alichemsha maji, akayapoza yakawa ya uvuguvugu, akamimina kwenye karai. Alichukua fungu la kwanza kutoka juu ya kasha bila kulitazama, kwa kuwa kulitazama kulimuuma, akalitumbukiza ili stempu zibanduke.

Luka, aliyekuwa mwalimu Tanga, alikuwa nyumbani kwa likizo. Alipita karibu na karai akaona bahasha zinaelea, na moja inazama. Aliingiza mkono, akaitoa. Mdomo wake ulikuwa bado umefungwa, na wino wa jina ulikuwa umeanza kutawanyika.

"Mama, hii ina barua ndani."

Debora alikaa chini palepale, mikono ikimdondoka maji. Luka alizitoa na zile nyingine, akazitandaza kivulini. Kisha akamwonyesha muhuri: nusu ya tarehe ilikuwa kwenye stempu, nusu kwenye karatasi. Akamwambia, "Ukibandua stempu unamkata baba katikati. Hutajua tena alikuwa wapi siku gani." Likizo yote alikaa na lenzi, akisoma mihuri iliyofifia, Korogwe, Buiko, Hedaru, Makanya, hadi akazipanga bahasha zote mia mbili na kumi na tano kwa mfuatano wa safari. Akina mama wa usharika walipewa kuku badala ya stempu.

Lakini bahasha zilirudi kwenye kasha la bati zikiwa marundo, zikikunjana pembe kila Debora alipozitafuta. Luka mwenyewe alitaka zibandikwe kwa gundi kwenye daftari kubwa, akaleta na chupa ya gundi. Ester, aliyekuwa fundi wa kushona Moshi, aliificha chupa hiyo. Alisema gundi ni chakula cha mende, na tena bahasha iliyobandikwa inabaki na uso mmoja, ilhali mgongoni ndiko ulikokuwa muhuri wa Mombo, wa siku barua ilipopokelewa.

Alikata kurasa za kadi nyeusi. Akakunja vipande vya karatasi kuwa vijifuko vya pembe, vinne kwa kila bahasha, akabandika vijifuko na si bahasha, ili kila moja iweze kuchomolewa, kugeuzwa na kurudishwa. Ukurasa wa kushoto aliweka bahasha ya kupanda, wa kulia bahasha ya kushuka, ili mama akifungua albamu popote awe na mumewe anayekwenda na mumewe anayerudi. Kazi ilimchukua masika mawili. Bahasha iliyofungwa aliifanyia pembe pana na laini zisizougusa mdomo, kwa sababu ule mdomo ulikuwa umekwisha kulowa mara moja. Aliiweka kushoto, mwisho kabisa. Ukurasa wa kulia aliubandikia pembe nne vilevile, ingawa hapakuwa na cha kuweka.

Basi walidhani wamemaliza. Waliifunga albamu kwa nailoni mpya, wakailaza chini ya nguo kwenye sanduku, ukutani. Ninyi mnaojua ukungu wa Soni mmeshaliona kosa.

Mwaka wa tatu Zebedayo, seremala wa Mombo, alipanda kuja kumsalimu mama. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Humu ndani kuna uyoga."

Ester alikuwapo. Akamwuliza kama pua yake imekuja na wali wa kulia huo uyoga. Zebedayo alilifuata lile sanduku, akapangua nguo, akaifungua nailoni. Jasho lilikuwa limeganda ndani yake, na kurasa za mwisho zilikuwa na madoa meupe ya kuvu. Doa moja lilikuwa limefika kwenye ukingo wa bahasha iliyofungwa. Mdomo wake ulikuwa umelainika kiasi kwamba masika mengine yangeufungua yenyewe na kuyala yaliyomo.

Alianika kurasa upepeni, mbali na jua, akapangusa kuvu kwa unyoya wa kuku. Akachonga kabati dogo la mbao ya mkulo, lenye matundu na miguu mirefu, akaliweka mbali na ukuta, na albamu akaisimamisha badala ya kuilaza. Ndani alining'iniza mfuko wa mchele uliokaangwa mkavu ili unywe unyevu. Kila Jumamosi ya pili alipanda kutoka Mombo kuubadilisha. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na Jumamosi aliyokosa ni moja tu, ya kuzaliwa kwa binti yake.

Miaka hiyo yote Debora aliifungua albamu kila Jumapili baada ya ibada. Siku zote alisema ataisoma barua ile Jumapili ijayo. Hakuwa na hofu nayo. Ila maadamu haikusomwa, Yeremia alikuwa bado na neno la kumwambia.

Ndipo macho yake yakapofuka. Alikuwa na miaka themanini na miwili, na daktari alisema wazi kwamba nuru iliyokwenda haitarudi. Hakuweza kukaa peke yake tena. Watoto wote watatu walikuja kumchukua, kila mmoja na chumba alichokiandaa: Luka Tanga, Ester Moshi, Zebedayo Mombo.

Debora aliwasikiliza, albamu ikiwa mapajani. Akawaambia kwamba bahasha hazitagawanywa, na zitakakokwenda naye atakwenda. Kisha akasema lililobaki. "Nilichelewa. Sasa siwezi kuisoma mwenyewe. Yule nitakayekwenda kwake ndiye atakayeifungua na kunisomea."

Kila mmoja wao alikuwa amemkosa baba akiwa na jambo la kumwuliza.

Luka alisema kwa upole kwamba bila yeye barua ingekuwa uji ndani ya karai. Ester akamwambia, "Kaka, wewe uliokoa karatasi mbichi. Mimi ndiye niliyeifanya ikae." Zebedayo akasema walichoacha wao wawili alikikuta kinaota uyoga, na kwamba mchele aliokaanga kwa ajili ya baba ungelisha harusi tatu. Wakacheka, hata mama.

"Tuifungue hapa, sote pamoja," akasema Ester.

Debora akatikisa kichwa. "Baba yenu hakuniandikia mbele ya watu. Atanisomea mmoja, na wengine mtakaa nje. Na akishanisomea, sitamruhusu awasimulie."

"Basi tuambie ni nani, Mama," Luka akasema.

Debora alifungua ukurasa wa mwisho kwa vidole. Mkono wa kushoto ulipapasa bahasha ya Same, mahali wino ulipotawanyika juu ya jina lake. Mkono wa kulia ulipapasa pembe nne zisizoshika kitu. Halafu akaichomoa bahasha taratibu, akainyoosha mbele yake gizani, asijue nani amekaa upande gani, na mikono mitatu ikanyooshwa kuipokea.

Mwenye jicho aliitoa majini. Mwenye mkono aliipa mahali pa kukaa. Mwenye pua aliiokoa na kuvu, na akailinda miaka yote iliyobaki. Angekosekana mmoja wao, leo kusingekuwa na cha kusoma.

Je, wewe uliyesikiliza mpaka hapa, ungekuwa Debora binti Singano, ungeiachia bahasha hiyo katika mkono upi? Au ungeirudisha kwenye pembe zake?