Harusi Nzima Ndani ya Diski Moja

Weee, nani kawadanganya ni msemo wa mababu! Mababu gani, wakati msemo wenyewe unazaliwa mimi niko pale pale nimekaa mkekani! Mkunde, achana na hiyo sufuria, njoo. Mama kakwambia, "Atakaye harusi nzima hamwoni bi harusi," kwa sababu umejaza mchele mpaka mfuniko umeelea na wali umetoka mbichi. Haya. Unajua harusi yenyewe ni ya nani? Hujui. Nyie mlikuwa bwenini. Basi kaeni niwape chanzo chake, na msinikatize.

Ni harusi ya dada Nakundwa, pale Mwanga mjini. Mnajua Nakundwa kalelewa na Bibi kule Usangi tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Siku ya harusi Bibi hakushuka mlimani. Nyonga ilikuwa imevunjika, na ile barabara hata mwenye nyonga nzima inamtoa machozi. Akamtumia Nakundwa kidani chake cha shanga nyekundu, kile alichoolewa nacho yeye, na neno moja: "Ukivae, nikuone." Nilikifunga mimi mwenyewe shingoni kwa Nakundwa.

Sasa, kumwona ndiyo mpaka video. Simu zetu hizi za tochi hazina msaada, na picha za karatasi studio walikuwa wanatuzungusha tu. Video alipiga Eliamani, yule mwenye kibanda cha kuchoma diski karibu na stendi. Akapiga kanisani, akapiga ukumbini, akapiga zawadi. Na zawadi za kwetu si mnazijua? Ukoo mzima unaingia kwa kucheza, kila mwenye kitenge anakinyoosha, anamfunga bi harusi, anamfungua, anarudi nyuma anaanza upya kwa sababu wimbo umemkolea. Ikafika saa sita za video.

Nikaenda na Shangazi Namsifu kuchukua diski. Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati, na mnamjua akishakuwa mwenyekiti.

"Shangazi," Eliamani akamwambia, "diski moja inabeba kama saa mbili, picha ikiwa safi. Hizi ni sita. Nikuchomee diski tatu?"

"Ndoa igawanywe vipande vitatu? Ukome! Wameunganishwa juzi, wewe unawatenganisha leo? Ndoa moja, diski moja."

"Basi tupunguze zawadi."

"Umpunguze nani? Aliyetoa kitenge aonekane anakitoa. Nikimkata mama Mrutu, hapa mjini nitapita njia gani?"

Eliamani akajikuna kichwa. "Shangazi, chukulia una ndoo moja ya rangi. Ukipaka chumba kimoja, ukuta unang'aa. Ukipaka shule nzima..."

"Ongeza maji," Shangazi akamkata.

Akaongeza maji kweli. Kompyuta haina ubishi. Ukiiambia ibane saa sita ziingie, inazibana, ila inapunguza kwenye picha. Inaacha kope, inaacha mishono ya gauni, mwisho inaweka viraka vya rangi tu, kimoja kwa kingine. Tukaijaribu kwenye kitivii chake cha pale kibandani, kidogo kama kitabu cha nyimbo. Tukaona iko sawa. Shangazi akaifunga kwenye khanga, tukapanda Usangi.

Kwa Bibi watu wamejaa mpaka barazani. Bibi kavaa gauni la kanisani, kawekewa kiti mbele kabisa ya ile tivii kubwa ya mjomba. Shangazi kasimama pembeni na fimbo, anatafsiri.

Weee! Picha ilivyofunguka pale, ni kama mtu kamwaga kokoto. Watu hawana pua. Wakicheza, mikono inabaki nyuma, inawafuata baadaye.

"Huyu ni mjomba Kiondo," Shangazi akaonyesha.

"Hiyo keki," akasema jirani mmoja.

Watu wakaanguka kucheka. Bibi hakucheka. Kainama mbele, macho hayabanduki. Nakundwa akaingia, au tuseme kikaingia kitu cheupe. Kila kitu juu yake cheupe, uso wenyewe na shingo vimekuwa matofali ya rangi moja.

"Kidani changu kiko wapi?" Bibi akauliza.

Fimbo ya Shangazi ikazunguka kwenye kioo, haikupata pa kutua.

"Kipo, Mama," Shangazi akasema. "Ni picha tu inasumbua."

"Nyekundu ile si rangi ya kusumbuliwa. Shingo ile ni tupu."

"Bibi, nilimfunga mimi!" nikasema.

"Na wewe umefundishwa la kusema. Macho yangu yamezeeka, hayajafa. Ameona aibu nacho." Akaomba mkongojo wake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Zawadi zikaendelea kuchezwa hapo sebuleni saa nne nzima, hakuna anayetazama.

Nakundwa akawa akipiga simu, Bibi anasema mwambieni nimelala. Asubuhi amelala, mchana amelala. Nakundwa analia huko kwa mumewe, ndoa haina hata mwezi. Mwisho akaja mwenyewe kibandani kwa Eliamani, mimi niko naye.

"Acha zawadi zote," akamwambia. "Nichomee kanisani tu, na pale nilipogeuka kumtafuta Shangazi. Kisha usibane chochote."

Hiyo akaipeleka mwenyewe. Bibi alikataa kutoka chumbani, basi tukabeba tivii tukamfuata mpaka kitandani. Picha ikafunguka. Nakundwa akaingia kanisani, akageuza shingo, na jua la dirishani likapiga zile shanga, nyekundu, moja moja unaziona. Bibi akanyoosha kidole mpaka kikagusa kioo.

"Hii hapa," akasema. "Hii yenye ufa. Babu yenu aliikanyaga."

Akamvuta Nakundwa, akamlaza kifuani kama mtoto. Halafu akamtazama Shangazi, ambaye kajibanza mlangoni.

"Namsifu, mwanangu. Ulitaka harusi nzima, ukaninyima bi harusi."

Kesho yake neno lile lilikuwa sokoni, na Jumapili mchungaji akalitumia kwenye mahubiri. Mpaka leo limefika kwenye wali wako, Mkunde.

Ila msichojua ni hiki: kwenye diski ile ya pili Shangazi mwenyewe naye alikatwa, hata sikio halionekani! Alivyogundua... ngoja. Mnasikia hiyo hodi? Ni yeye huyo. Nyamazeni! Kesho nitawaeleza alivyomfuata Eliamani na kitenge mkononi. Kwa leo pakueni huo wali hivyo hivyo, na akiuliza kwa nini ni mbichi, msimjibu eti atakaye harusi nzima hamwoni bi harusi.